Vihisi Visivyo na Majina

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umeegemea mno kwenye yale yaonekanayo kiooni: faili, dirisha, kipanya, kuhifadhi. Jambo OpenOffice ilipotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, maneno ya aina hiyo ndiyo yaliyotawala, na haikuwa ajabu, kwani ilikuwa programu ya ofisini. Lakini ndani ya kasha la kompyuta mna lugha nyingine ambayo wanaisimu hawajaigusa ipasavyo.

Wakazi wa Kitui na Makueni wana haja nayo. Mutomo na Kibwezi ni nchi kavu. Joto la mchana hupita nyuzi 30 wakati wa kiangazi, vumbi huziba feni, nayo stima hupanda na kushuka. Kompyuta huzimika ghafla, mwanafunzi akiwa katikati ya tasnifu, na sababu haijulikani.

Hali vihisi vya kupima joto na volti vimo ndani ya mazabodi tayari. Katika Linux, programu ya lm-sensors huvisoma, ila aghalabu hutoa tarakimu zenye vitambulisho vikavu: in0, in1, temp1. Ni lazima mtu aandike katika faili ya usanidi kwamba temp1 ni joto la prosesa, au in2 ni njia ya volti 12. Tena azidishe, kwa kuwa chipu haipokei volti 12 nzima; hupewa sehemu yake tu kupitia vikinza. Akikosea kizidisho, umeme ulio salama husomeka kana kwamba umeporomoka. Akipatia, ataweka mipaka ya tahadhari, 11.4 hadi 12.6.

Faili hiyo hukubali jina lolote. Hakuna anayemlazimisha fundi wa Wote kuandika Kiingereza. Basi aandike nini? "Ubao mama" ni tafsiri sisisi. Kwa mtoto wa shule, ubao ni wa chaki. Mafundi husema mazabodi, na neno hilo limekwisha kupata uraia, wapende wasipende walinzi wa usanifu. Penye utata hasa ni "nguvu ya umeme", inayobebeshwa volti na wati pamoja. Vivyo hivyo "imeshika moto" husemwa juu ya mashine iliyopata joto na juu ya ile inayoungua. Tofauti hiyo si ndogo kwa mwenye mashine!

Wapo watakaodai kuwa istilahi ni kazi ya vyombo rasmi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini katiba haiandiki faili za usanidi. Wanafunzi wa Kiswahili walio Kitui na Makueni wanaweza kuanza na majina machache tu: joto la prosesa, joto la bodi, kasi ya feni, volti ya betri. Wayapeleke kwa mafundi wa Mwingi, Kitui na Wote, na kuyafuta yale ambayo mafundi watayacheka.