Rekodi ikisafishwa kupita kiasi, familia inapoteza nini?

WAPENZI wa muziki wa Disneyland, bustani ya burudani iliyofunguliwa Anaheim, California, nchini Marekani, Julai 17, 1955, wana mjadala usiokwisha. Wapo wanaotaka nyimbo za zamani za bustani hiyo zisafishwe hadi zisikike kama zimerekodiwa jana. Wapo wanaosema ukiondoa kila mvumo na kila mkwaruzo, umeiondoa na bustani yenyewe.

Kwa haraka, hilo linaonekana jambo la watu wenye muda wa ziada na fedha za kununua CD. Lakini kila nyumba yenye kanda ya harusi, ya wosia wa babu au ya sauti ya mama aliyetangulia mbele ya haki imo kwenye mjadala huohuo, hata kama haijajua. Na masikio ya wanafamilia, ya mtoto na ya bibi, yana nafasi kubwa katika jibu.

Wimbo mmoja, vyumba vingi

Mfano unaoeleweka kwa urahisi ni "It's a Small World". Burudani hiyo ya kupanda boti ilianza katika Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1964, kwa heshima ya UNICEF, kisha ikahamishiwa Disneyland mwaka 1966. Wazo la kwanza lilikuwa wanasesere wa watoto wa kila nchi waimbe wimbo wa taifa lao. Nyimbo hizo zilipopigwa kwa pamoja ikawa vurugu tupu. Walt Disney akawaomba ndugu wawili, Robert na Richard Sherman, watunge wimbo mmoja mwepesi unaoweza kuimbwa kwa lugha nyingi.

Kwa kuwa wimbo ni mmoja na kasi yake ni moja, boti ikitoka chumba kimoja kwenda kingine, sauti za chumba kinachoachwa na kinachofuata huchanganyika bila kugongana. Abiria hausikii wimbo ukianza wala ukiisha. Pamoja nao anasikia maji, boti zikigusana na watoto wa mstari wa mbele wakipiga kelele.

Sasa mtu ayaweke hayo kwenye CD. Kianze chumba kipi? Kila kimoja kipewe dakika ngapi? Maji yabaki au yaondolewe? Hakuna toleo moja linaloweza kuitwa halisi, kwa sababu muziki huo ulitengenezwa usikike mahali pake, kupitia spika nyingi, na mtu aliye katika mwendo. Anayekarabati rekodi ya namna hiyo hakwepi kuchagua.

Hata santuri zilizouzwa enzi hizo hazikuwa nakala ya kilichosikika bustanini. Haunted Mansion, nyumba ya mizimu iliyofunguliwa Disneyland mwaka 1969, ilitolewa kwenye santuri yenye hadithi ya vijana wawili wanaoingia humo. Watoto walioisikiliza nyumbani waliikariri hadithi ambayo ndani ya nyumba yenyewe haimo.

Kila chanzo na ugonjwa wake

Kampuni ya Disney imetoa makusanyo makubwa ya muziki huu. Mwaka 2005, bustani ilipotimiza miaka 50, lilitoka kasha la CD sita za historia ya muziki wa Disneyland. Mwaka 2009 likafuata kasha la CD tano za muziki wa maonyesho yale ya New York. Anayeandaa makusanyo ya aina hii, awe kampuni au shabiki, huwa na vyanzo vya aina tatu.

Cha kwanza ni tepu mama za studio. Hizi ndizo zenye sauti safi kuliko zote. Tepu ya studio mara nyingi hukimbia sentimita 38 kwa sekunde, wakati kaseti ya kawaida hukimbia chini ya sentimita tano. Tepu pana inayokimbia haraka hubeba sauti nyingi na mvumo kidogo. Lakini tepu nazo huzeeka. Baadhi ya zile za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayonyonya unyevu, zikaanza kunata na kuacha uchafu kwenye mashine. Mafundi huzipasha joto la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa, katika chombo maalumu, ili zipigike kwa muda wa kutosha kunakiliwa. Tepu za zamani zaidi, zilizotengenezwa kwa plastiki ya asetati, huharibika zikifanyiwa hivyo. Si kazi ya oveni ya nyumbani.

Chanzo cha pili ni santuri. Ugonjwa wake ni mikwaruzo na vidonda vya sindano. Mkwaruzo ni sauti fupi sana, hivyo programu ya kompyuta huweza kuuondoa bila kugusa muziki mwingi.

Cha tatu ni rekodi za wageni walioingia bustanini na kinasa sauti kidogo. Ubora wake ni wa chini kuliko vyote. Hata hivyo, mara nyingi ndizo ushahidi pekee wa jinsi muziki ulivyosikika siku ile, kwenye spika zile, pamoja na maji na watu. Ndiyo maana mashabiki wengi huzitunza pembeni hata wanapopata tepu iliyo safi zaidi.

Kelele inapoondoka na herufi

Programu nyingi za kusafisha sauti hufanya kazi hivi: fundi huipa programu kipande chenye kelele tupu, mahali ambapo hakuna anayeongea wala kuimba. Programu hukariri kelele hiyo, kisha hupunguza kila kinachofanana nayo kwenye rekodi nzima.

Tatizo ni kwamba ule mvumo wa "shhh" wa tepu husikika zaidi kwenye sauti nyembamba, na huko ndiko yanakokaa matamshi ya "s", "sh" na "f". Fundi akivuta sana, programu inaanza kula maneno. Sauti hubaki kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Mwangwi wa chumba hukatika ghafla kila sentensi inapoisha, na chini ya sauti huanza vilio vidogo kama vya ndege ambavyo havikuwepo.

Hapa ndipo afya ya masikio inapoingia. Mtoto mwenye masikio mazima husikia sauti nyembamba hadi kufikia hezi 20,000 hivi. Umri unavyosogea, uwezo huo hupungua, na zinazotangulia kupotea ni hizohizo sauti nyembamba. Kwa hiyo bibi wa miaka 70 huenda asisikie kabisa mvumo unaomkera mjukuu wake. Mjukuu, akiwa na spika masikioni, anaukata mvumo huo kwa nia njema. Kumbe amekata na zile "s" na "sh" ambazo bibi tayari alikuwa akizihangaikia.

Matokeo yake ni lalamiko ambalo wahudumu wa kliniki za masikio wanalifahamu: "Sauti naisikia, lakini sielewi anachosema." Mzee anayesema hivyo hana ukaidi wala hajachoka kusikiliza. Vokali, ambazo ni nzito, zinamfikia. Konsonanti hazimfikii. Rekodi iliyosafishwa kupita kiasi humfanyia kijana kile ambacho uzee humfanyia mzee, na mzee humwongezea mara mbili.

Kubwa si bora

Kosa jingine linalojadiliwa sana ni kubana sauti. Sehemu za chini za muziki huinuliwa na za juu huzuiwa, ili wimbo mzima uwe mkubwa mwanzo hadi mwisho. Ukisikiliza kwa sekunde kumi unaona umeboreshwa. Ukisikiliza kwa nusu saa unachoka.

Kwa muziki wa bustani za burudani hasara ni kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya muziki ule ilikusudiwa isikike kwa chini, watu wakiongea na kutembea. Ukibanwa na kupandishwa, unakuwa kitu kingine. Na mtoto anayeusikiliza kwa spika za masikioni hapati zile nafasi tulivu zinazoyapa masikio nafuu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki za kusikiliza sauti ya desibeli 80. Kwa mtoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Sauti ikipanda, muda unashuka kwa kasi: kwa mtu mzima, desibeli 90 ni takriban saa nne tu kwa wiki nzima. Kwa kuwa nyumba nyingi hazina kipimo, ushauri rahisi wa shirika hilo ni simu isipandishwe zaidi ya asilimia 60 ya sauti yake.

Kanda zilizo kabatini

Wanaokumbuka nyimbo za bendi zilizorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam wanajua kwamba ule ukavu kidogo wa sauti ni sehemu ya kumbukumbu. Kanda za familia ziko vivyo hivyo. Nyuma ya maneno ya babu kuna jogoo, kuna sufuria inayofunikwa, kuna mtoto anayeitwa aje ndani. Programu haijui kuwa mtoto huyo leo ni shangazi wa watu. Kwake ni kelele.

Jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, ina kanuni ambayo familia inaweza kuifuata bila gharama kubwa: nakala ya kwanza haisafishwi. Inachukuliwa jinsi ilivyo, pamoja na mvumo wake, na kuhifadhiwa. Kusafisha hufanywa kwenye nakala ya nakala, na kila mtu anaweza kuwa na yake: ya mtoto yenye mvumo kidogo, ya bibi yenye konsonanti kali.

Kabla ya hapo yapo mambo machache ya kuzingatia:

Kaseti ivunjwe vile vishikizo viwili vya plastiki vya mgongoni, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kanda iliyolegea ikazwe taratibu kwa kalamu kabla ya kuwekwa kwenye redio.

Fundi aombwe kusafisha kichwa cha redio na kurekebisha skrubu ndogo iliyo kando yake hadi "s" isikike vizuri. Kichwa kikikaa upande, sauti nyembamba hupotea, na watu wengi hudhani kanda imekufa wakati ni redio iliyopinda. Hatua hii moja huweza kusaidia kuliko programu yoyote.

Faili la kuhifadhi liwe la WAV. MP3 hupunguza sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Inafaa kumtumia ndugu aliye mbali, haifai kuwa nakala pekee. Nakala ziwe angalau mbili, zisikae nyumba moja.

Kanda yenye ukungu mweupe, jambo la kawaida kwenye joto na unyevu wa pwani, isipigwe wala kupulizwa kwa mdomo. Ukungu huo unaweza kuamsha pumu. Ifungwe kwenye mfuko, ikae mbali na watoto, apelekewe fundi.

Kanda yenyewe isitupwe hata baada ya kunakiliwa. Makusanyo ya muziki wa Disneyland yanaboreshwa leo kwa sababu kuna tepu ambazo hazikutupwa baada ya santuri kutoka. Mashine za kesho zitasoma vizuri zaidi ya za leo, lakini haziwezi kusoma kisichokuwepo.

Siku ya kusikiliza nakala ya kwanza, familia ikae pamoja, mdogo na mkubwa. Mzee akiomba sauti ipandishwe mara kwa mara, au akielewa maneno pale tu anapomtazama anayeongea, hilo si la kurekebishwa kwa programu. Apelekwe kupimwa masikio. Kuna wakati shida ni nta tu, na huondolewa siku hiyohiyo. Ikiwa usikivu umepotea ghafla, ndani ya siku moja au mbili, asisubiri wiki iishe. Hiyo ni dharura.

Na wakati bibi bado anazitambua sauti zilizo kwenye kanda, mtu akae naye na kalamu. Aandike juu ya kasha nani anaongea, wapi, mwaka gani, na nani anacheka kule nyuma. Mvumo unaweza kupunguzwa miaka 20 ijayo. Jina lisiloandikwa leo hakuna programu itakayolirudisha.