SEHEMU YA 6: Usimwambie Mama "Tuliza Akili" Huku Umemwachia Kila Kitu

Mama zangu, na nyie baba mnaosoma humu kimya kimya, nawaona.

Wiki hii mmenitumia video nyingi za kutuliza akili. Dada kakaa kwenye mkeka, chumba cheupe, mshumaa unawaka, anakwambia amka saa 10 alfajiri ukae kimya dakika 20 kabla watoto hawajaamka. Jamani! Mama mwenye mtoto wa wiki 3 aamke saa 10? Kwani alilala saa ngapi?

Sipingi utulivu. Napinga kuugeuza kazi nyingine ya mama.

Haya mambo wala hayahitaji mshumaa. Mwaka 1979 huko Marekani, Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Zoezi mojawapo ni kula zabibu kavu MOJA taratibu: uiangalie, uinuse, uitafune. Basi. Akili iwe pale mwili ulipo.

Sasa wewe mama una zaidi ya zabibu, una mtoto kifuani. Mtoto mchanga hunyonya kama mara 8 hadi 12 kwa siku. Chagua mara moja tu. Simu iweke mbali. Shusha mabega, sikia uzito wake mkononi, msikilize anavyomeza. Mawazo ya kodi yakija, yaache yapite, urudi kwa mtoto.

Na hiyo si anasa. Mtoto mwenye njaa hugeuza kichwa kutafuta titi, hupeleka mkono mdomoni. Kilio huja mwisho. Macho yakiwa kwenye simu, utakachokijua ni kilio tu. Tena mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, ukarudia kuhesabu na bado ni hivyo, mpeleke hospitali haraka. Hesabu dakika nzima. Huwezi kuhesabu huku unachati.

Haya, nyie wengine sasa. Baba, wifi, mama mkwe. "Usiwe na stresi, tuliza akili," halafu nepi zimejaa beseni, ndoo tupu, na wewe unaangalia mpira? Akili haitulii kwa amri. Mpokee mtoto nusu saa. Fua. Chota maji. Mwache mama aoge bila kuitwa mlangoni. Ukishafanya hayo ndipo umwambie atulie, ingawa nadhani hutahitaji tena kumwambia.

La mwisho, na hili lisikupite. Mama akiwa na huzuni isiyoisha zaidi ya wiki 2, halali hata mtoto akilala, hana hamu na chochote, msimpe zoezi la kupumua mkadhani mmemaliza. Mpelekeni kituo cha afya. Akisema anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni LEO, na asiachwe peke yake. Si uvivu, si mapepo, si kukosa shukrani. Ni ugonjwa, na unatibika.

Mtag baba watoto. Akisema hajaiona, msomee kwa sauti, huku yeye kamshika mtoto.