Njia ya Mwalimu kwenda Chuo Kikuu Ipangwe Mapema

Kila mwaka, udahili wa vyuo vikuu unapotangazwa, walimu vijana wenye stashahada huanza kuhangaika. Wako wanaofundisha Busawe, kule zinakokutana wilaya za Tarime na Serengeti. Wako walio Ukerewe, Ukara, Irugwa na Rukuba, ambao hawawezi kufika ofisi yoyote ya mkoa bila ya kuvuka maji. Wote wana swali moja: je, mtu aliyepitia chuo cha ualimu aweza kuingia Chuo Kikuu akasomee shahada ya elimu, na akitaka kufanya hivyo aanzie wapi?

Jibu la swali hilo lipo, tena limeandikwa. Kinachokosekana ni mpango. Na kwa kuwa kanuni bila ya mpango humfaa yule tu aliye karibu na wenye habari, tunaona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili leo, mbele ya wananchi wa visiwani na mbele ya maofisa wa Serikali ambao ndio wenye kalamu mkononi.

Mkoa wa Mara hauwezi kujifanya mgeni katika suala hili. Ni hapa Musoma, Novemba 1974, ndipo Halmashauri Kuu ya TANU ilipopitisha Azimio la Musoma. Azimio hilo linakumbukwa zaidi kwa uamuzi wa kuwapatia watoto wote elimu ya msingi ifikapo 1977. Lakini lilikuwa na upande wa pili unaotuhusu hapa: liliamua kwamba kijana asitoke darasani na kuingia moja kwa moja Chuo Kikuu, bali kwanza afanye kazi, apimwe na wenzake kazini, kisha ndipo apendekezwe kwenda kusoma. Sharti hilo lililegezwa, na hatimaye likaachwa katika miaka ya 1980. Pamoja na hayo, fikra iliyokuwa ndani yake haijapoteza thamani: kwamba kazi ni sehemu ya elimu, na kwamba aliyekwisha kusimama mbele ya wanafunzi anacho kitu cha kupeleka Chuo Kikuu.

Tena, mtoto mashuhuri kuliko wote wa mkoa huu aliipita njia hiyohiyo. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipata stashahada ya ualimu Makerere mwaka 1945, akafundisha Tabora, na ndipo mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikorudi na shahada mwaka 1952. Hakupungukiwa na kitu kwa kuanzia ualimu kabla ya shahada. Jina ambalo wananchi walimwita hadi mwisho wa maisha yake ni la kazi, wala si la cheti.

Sasa tuzitazame kanuni za leo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania humpokea mwenye stashahada kwa kile kinachoitwa sifa linganishi. Kwanza awe na ufaulu wa masomo yasiyopungua 4 katika mtihani wa kidato cha nne. Pili, kwa mwenye stashahada ya ualimu, awe amefaulu kwa wastani wa B. Juu ya hayo, kila chuo kikuu huweka masharti yake, na anayetaka kufundisha sekondari hutazamwa ufaulu wake katika masomo anayokusudia kuyafundisha.

Hapo ndipo penye mtego. Aliyehitimu chini ya wastani wa B ni mwalimu halali, aweza kuajiriwa na kufundisha hadi kustaafu, lakini mlango wa moja kwa moja wa Chuo Kikuu umekwisha kufungwa mbele yake. Wengi huligundua hilo baada ya kuhitimu, wakati alama haziwezi tena kubadilishwa. Wengine hugundua kuwa somo walilochagua chuoni silo lile walilolifaulu vizuri kidato cha nne. Mambo haya mawili huamuliwa katika miezi ya kwanza ya masomo ya stashahada, wakati ambapo mwanachuo hajui kabisa kwamba anaamua jambo la miaka kumi ijayo. Kwa hiyo mpango wa kwenda Chuo Kikuu hauanzi siku ya kujaza fomu. Huanza siku ya kwanza ya kuingia chuo cha ualimu.

Kanda yetu haina upungufu wa vyuo hivyo. Tarime kina chuo, Bunda kina chuo, Butimba kina chuo, na Murutunguru kipo kisiwani Ukerewe. Tunashauri kila kimoja kiwe na mkufunzi mwenye dhamana ya kuwaeleza wanachuo, katika muhula wa kwanza na kwa maandishi, ni masharti gani yatawangoja mbele, na kuangalia maendeleo yao kila muhula. Kazi hiyo haidai jengo jipya wala fungu kubwa la fedha. Inadai orodha, meza na mtu anayeulizwa akajibu.

Kwa yule asiyefikia wastani huo njia haijakatika kabisa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kozi ya maandalizi kwa wale ambao sifa zao hazitoshi kuingia moja kwa moja, na kina vituo mikoani, Musoma na Mwanza ikiwamo. Ubora wake kwetu ni kwamba mwalimu husoma huku akifundisha. Lakini tusijidanganye kwamba njia ya mbali ni rahisi kwa aliye mbali. Mwalimu wa Rukuba au Ukara hupanga safari ya mtihani kwa kutazama kwanza hali ya ziwa, kisha nauli, kisha nani atakayeshika darasa lake. Gharama hizo hazimo katika karatasi ya ada, nazo ndizo humfanya aache masomo katikati.

Kuna jambo la tatu ambalo Serikali na vyuo vikuu vyapaswa kulifikiria upya. Kwa kawaida, mwenye stashahada akiingia Chuo Kikuu huanzia mwaka wa kwanza, bega kwa bega na kijana aliyetoka kidato cha sita ambaye hajawahi kushika chaki. Miaka yake ya kusomea saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia na mazoezi ya darasani humfungulia mlango, lakini haimpunguzii hatua hata moja ndani ya nyumba. Wenzetu wa Marekani wana vyuo vya jamii vya miaka miwili, ambavyo mwanafunzi husoma karibu na kwao kisha akahamia chuo kikuu na masomo yake yakahesabiwa. Jimbo la California liliweka utaratibu huo katika mpango wake mkuu wa elimu ya juu wa mwaka 1960. Hata huko mambo hayakunyooka: ripoti ya wakaguzi wa Bunge la Marekani ya mwaka 2017 ilikadiria kuwa wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kiasi cha asilimia 43 ya masomo waliyokuwa wamehesabiwa. Funzo tunalolipata ni kwamba kufungua mlango peke yake hakutoshi. Chuo kinachotoa na chuo kinachopokea lazima vikae pamoja mapema, somo kwa somo, vikubaliane.

Makubaliano ya namna hiyo kati ya vyuo vya ualimu vya Kanda ya Ziwa na vyuo vikuu vinavyofundisha elimu yangeweza kumwokolea mwalimu muda wa masomo, na shule yake ikaokolewa muda huohuo wa pengo. Tunasema makubaliano, hatusemi kuvigeuza vyuo vya ualimu kuwa vyuo vikuu. Chang'ombe kiligeuzwa mwaka 2005 kikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, nacho kimelitumikia Taifa vizuri. Lakini Ukerewe ikipoteza Murutunguru kwa ajili ya jina kubwa, mtoto wa mvuvi atakosa hatua ya kwanza ya ngazi, na ngazi isiyo na hatua ya kwanza haipandwi.

Sasa tuwageukie wale wanaosema kuwa mwalimu wa shule ya msingi hahitaji shahada, na kwamba kumpeleka Chuo Kikuu ni kumwondoa kijijini. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Tunakubali kuwa mwalimu wa stashahada aliyepo darasani ni bora mara nyingi kuliko mwenye shahada asiyekuwapo. Tunakubali pia kuwa wapo walioaga Busawe au Irugwa kwenda masomoni wasirudi tena. Lakini dawa ya ugonjwa huo si kumfungia mwalimu njia. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, yaani miaka 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Watoto watakaobaki darasani kwa muda huo watahitaji walimu wenye maarifa mapana zaidi, na watawahitaji visiwani sawasawa na mijini. Kijiji kinachojulikana kuwa hakimruhusu mwalimu kujiendeleza ndicho kitakachokimbiwa kwanza.

Kwa hiyo tunaziomba halmashauri za wilaya, ambazo ndizo hutoa ruhusa ya masomo, zifanye mambo manne. Kwanza, kila halmashauri iwe na orodha ya wazi ya walimu wanaongoja kwenda masomoni, itakayofuata zamu, wala si ujamaa na ufahamiano. Pili, isimwachie mwalimu aondoke kabla haijajulikana nani atashika darasa lake. Na isilitumie jambo hilo kuwa kisingizio cha kumnyima ruhusa mwaka baada ya mwaka. Tatu, anayesomeshwa au kuruhusiwa akiwa kazini aweke mkataba wa kurudi katika wilaya yake kwa muda unaoeleweka, na akirudi akute mabadiliko ya muundo na mshahara wake yamekwisha kushughulikiwa, badala ya kuanza safari ya kufuatilia faili. Nne, walimu wa visiwani na wa vijiji vya pembezoni wapewe nafasi zao maalumu katika orodha hiyo, kwa kuwa kushindana sawa na aliye makao makuu ya wilaya si kushindana sawa.

Kwa walimu wenyewe tunalo neno. Msingoje mtu aje kuwaita. Ulizeni masharti mapema, yaandikeni, yatunzeni matokeo yenu, na chagueni masomo kwa kutazama mbele. Na mtakapokwisha kupata shahada, kumbukeni waliobaki wakishika madarasa yenu mlipokuwa hampo.

Mwaka 1974 viongozi walikutana Musoma wakathubutu kusema kwamba kila mtoto atasoma, ingawa walimu hawakuwa wakitosha. Vijana wengi walifundishwa ualimu upesi upesi, nao wakaibeba kazi hiyo kwa miaka mingi kwa malipo madogo na shukrani ndogo zaidi. Walimu wa leo wa Busawe na wa visiwani wameipokea kazi hiyohiyo kutoka kwao. Kuwapangia njia iliyonyooka ya kufika Chuo Kikuu na kurudi ni deni, na tunatumaini halmashauri zitaanza kulilipa kabla udahili wa mwaka ujao haujafunguliwa.