Siri ya Jeshi au Siri ya Mfuko?



Kila tunapouliza jinsi ndege za kivita zinavyonunuliwa kwa kodi yetu, tunajibiwa kwa maneno mawili: usalama wa taifa. Maneno hayo yamegeuzwa pazia. Sisi tunasema kwamba nyuma ya pazia hilo, mara nyingi, anayefichwa si mwanajeshi asionwe na adui, bali mwanasiasa asionwe na mwananchi.

Ushahidi upo. Mwezi wa Desemba 1999 serikali ya Afrika Kusini ilitia sahihi kandarasi za silaha zenye thamani ya takriban randi bilioni 30. Miongoni mwake zilikuwamo ndege 28 za kivita aina ya Gripen na ndege 24 za mafunzo aina ya Hawk. Katika zabuni ya ndege za mafunzo, ndege ya Kiitaliano, MB-339, ilikuwa na bei iliyokaribia nusu ya ile ya Hawk. Bei ilipotiwa katika hesabu, ndiyo iliyoongoza. Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Joe Modise, akaagiza uteuzi ufanywe bila kuzingatia gharama. Bei ikaondolewa mizanini, na Hawk ikashinda. Katibu wa Wizara, Pierre Steyn, alipinga mwenendo huo, hatimaye akajiuzulu.

Wasomaji wetu waumini wanajua Maandiko yanavyoilaani mizani ya hila. Mama anayekwenda sokoni kununua unga huuliza bei kwanza, kwa sababu fedha ni zake. Asiyeuliza bei ni yule ambaye hatalipa yeye.

Na waliolipa ni akina nani? Serikali iyo hiyo ilipotakiwa kuwapa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI dawa ya kuwakinga watoto wao, ilisita na kutoa visingizio, mpaka Mahakama ya Katiba ikailazimisha mwaka 2002. Ndege nazo? Mwaka 2013 Bunge la nchi hiyo liliarifiwa kwamba ndege 12 kati ya Gripen 26 zilizopokewa zilikuwa zimewekwa ghalani.

Hapa pana funzo chungu kwetu sisi tuliopigania kufutwa kwa kifungu cha 2A mwaka 1991. Afrika Kusini ilikuwa na vyama vingi, magazeti huru na katiba inayosifiwa duniani. Hata hivyo, Andrew Feinstein, mbunge wa chama tawala aliyetaka kamati ya hesabu za serikali iuchunguze ununuzi huo, alibanwa na chama chake mwenyewe, akaacha ubunge mwaka 2001. Tume iliyoundwa mwaka 2011 ilitoa ripoti ya kuwatakasa wahusika. Mahakama Kuu ikaitupilia mbali mwaka 2019. La kuvunda halina ubani. Wingi wa vyama si kitu ikiwa mbunge anamwogopa kiranja wa chama kuliko anavyomwogopa aliyempigia kura.

Majirani zetu wa Uganda wameyaonja hayo. Mwaka 1998 walipokea helikopta za kivita zilizothibitika kuwa mikweche. Mbele ya tume ya Jaji Julia Sebutinde, Salim Saleh, nduguye Rais, alikiri kuwa aliahidiwa kamisheni ya dola 800,000. Mwaka 2011 dola zipatazo milioni 740 zilichotwa Benki Kuu kwa ajili ya ndege 6 za Sukhoi na zana nyingine kabla ya Bunge kuidhinisha. Wabunge waliletewa chakula kilicholiwa, wakatakiwa waombee baraka sahani tupu.

Tusiwacheke. Jeshi letu la wanahewa liliponunua ndege 15 za F-5 zilizokwisha kutumiwa Yordani, maswali kuhusu hali yake yalizuka, na pazia likashushwa vilevile.

Hatukatai kwamba jeshi lina siri. Mahali ndege zinapofichwa, silaha zinazobebwa, mipango ya vita: hayo yabaki kambini. Lakini bei si siri ya vita. Jina la dalali si siri ya vita. Wala si siri ya vita jina la mkubwa aliyefuta pendekezo la marubani na mafundi akaandika lake. Kijana wetu anayefungwa mkanda ndani ya ndege hiyo anastahili kujua iliyomchukua angani ilichaguliwa na nani, na kwa nini.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imekwisha kuamua shauri hili. Ibara ya 238 inauweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Ibara ya 227 inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wa gharama nafuu, wala haikusema isipokuwa ndege.

Basi tunadai mambo matatu. Bei isiondolewe mizanini kamwe. Waziri anayepinga ushauri wa wataalamu aandike sababu zake na kuzitia sahihi. Na kamati ya Bunge izisome sababu hizo kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, si baada yake.

Jumapili hii, kila msomaji amwulize mbunge wake swali moja: ndege ijayo, utaidhinisha kabla au utabariki baada? Jibu lake tulikumbuke siku ya kura.