Mbumbuni wananiita wakili, na hilo ndilo tatizo

Wacha nianze na ukweli ambao mama hapendi niuseme hadharani: niliacha chuo. Nilikuwa nasomea sheria, nikafika mwaka wa pili, karo ikakwama, nikatoka. Siku hizi niko Nairobi, naandika, wikendi napiga picha za harusi, na kodi inalipwa kwa neema tu.

Lakini nikishuka stejini Mbumbuni, cheo kinabadilika. "Wakili amefika!" Anasema mwenye duka, anasema mtu wa boda, anasema hata mzee wa kijiji. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilifurahia, siwezi kukuficha. Mara ya tatu nikalipwa. Hapo ndipo mambo yaliharibika.

Kama wewe ni wakili kijana unayezunguka Upper Hill na wasifu wako kwenye bahasha, soma hii hadi mwisho. Na kama si wakili, lakini kwenu kuna shamba ambalo bado liko kwa jina la babu aliyeaga kitambo, soma polepole zaidi.

Fomu ya elfu mbili

Jirani yetu mmoja, mzee mtaratibu sana, alinijia jioni na bahasha ya kaki. Babake alifariki miaka ya tisini na hati ya shamba bado ina jina la marehemu. Broka mmoja alikuwa amemla elfu thelathini, akamwachia karatasi yenye muhuri usiosomeka, kisha simu ikawa mteja hapatikani.

"Wewe hii kitu umeisomea," akaniambia. "Nijazie tu."

Basi nikaenda saiba, nikatoa fomu za mirathi, nikamuuliza majina ya watoto wa marehemu. Akanitajia wanne. Barua ya chifu aliyokuja nayo ilikuwa na wanne hao hao. Nikachapa majina manne, nikapokea elfu mbili, nikanunua nyama. Roho safi kabisa.

Miezi kadhaa baadaye, tangazo likiwa tayari limetoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, simu yangu ikalia. Alikuwa mama mmoja aliyeolewa upande wa Kitui. Hakunipigia kelele. Aliniuliza kitu kimoja: "Mwanangu, ni wewe ulinifuta?"

Kumbe marehemu alikuwa na watoto saba. Wanne wavulana, watatu wasichana. Wasichana walikuwa wameolewa, kwa hivyo kwa hesabu ya mzee hawakuwa wa kuhesabiwa. Na mimi, wakili wa stejini, sikuuliza.

Sasa kuna pingamizi kortini, na kwenye mazishi ya juzi pale kijijini, ndugu hao walikaa pande mbili za hema.

Sheria yenyewe haina kona kwenye jambo hili. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ikisema mtoto inamaanisha mtoto. Haiulizi kama ni msichana, haiulizi kama ameolewa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inapiga msumari wa mwisho kwa kukataza ubaguzi wa kijinsia. Dada asiyetaka shamba anaweza kusema hivyo mwenyewe, kwa maandishi na kwa hiari. Hakuna mwenye ruhusa ya kumsemea, hata kaka yake mkubwa.

Mimi nilijua kujaza fomu. Swali ambalo wakili wa mwaka wa kwanza kazini angeuliza kabla hata ya kushika kalamu, mimi sikulijua: dada zako wako wapi?

Si makosa madogo

Usifikirie nilichofanya ni usaidizi wa kijirani. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kifungu cha 34, inamkataza mtu asiye wakili kuandaa stakabadhi za mirathi, za kuhamisha ardhi na nyingine za aina hiyo, wala kupokea malipo kwa kazi hiyo. Hata bila ile elfu mbili, nilikuwa nimeshatoka kwenye ujirani na kuingia kwenye kosa.

Unakumbuka Oktoba 2023? Nchi nzima ilikuwa inamzungumzia kijana aliyedaiwa kujipenyeza kwenye orodha ya mawakili na kuendesha kesi bila kuhitimu. Mitandaoni ikasemekana ameshinda kesi 26. Chama cha Mawakili, LSK, kikakasirika. Watu je? Watu wakamshangilia. Vichekesho vikatengenezwa, wengine wakasema apewe tu cheti, si anashinda?

Mimi pia nilicheka. Leo naelewa makofi yale yalitoka wapi. Ukiwa mtu wa Mbumbuni, wakili halisi ni mtu unayemwona kwenye runinga. Anayekuja na bei unayoiweza na kukuita "mzee wangu" ndiye wako, awe na cheti au asiwe nacho. Tatizo linaonekana baadaye, na siku hiyo anayelipa si yeye. Ni wewe, na dada yako aliye Kitui.

Basi mawakili wako wapi?

Wako wengi, amini usiamini. Kenya imeshapita mawakili 20,000 katika orodha. Na kuwa mmoja wao si mchezo. Miaka minne ya digrii, kisha Kenya School of Law yenye masomo tisa ya kufanyia mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria, kisha miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu, mara nyingi kwa nauli tu au bila chochote. Ndipo unaapishwa. Na baada ya hapo kila mwaka unalipia leseni.

Mwanafunzi mwenzangu wa zamani alipita njia yote hiyo. Siku alipoapishwa nilimpiga picha bure, joho likipepea. Leo yuko kwenye ofisi moja jijini, anaandika hoja usiku, anasimama kortini kuomba kesi iahirishwe kwa niaba ya bosi asubuhi, na mshahara ukiingia tarehe tano, kufikia tarehe saba umeisha. Nilipomwambia Mbumbuni kuna watu wanatafuta wakili, alinijibu kama wengi wangemjibu: "Huko nitakula nini?"

Ni swali halali, na nitalirudia. Kwanza wacha nikuonyeshe kitu ambacho wengi hawajakiona: ramani ya korti imebadilika.

Zamani, mtu wa pande zetu akihitaji jaji alipanda gari hadi Machakos. Leo Mahakama Kuu iko Wote. Hakimu yuko Tawa, safari ya boda kutoka Mbumbuni. Tena hakimu wa leo si yule wa kesi za kuku. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 ilimpa hakimu mkuu nguvu ya kusikiza madai ya hadi Sh20 milioni, na hata hakimu mkazi, aliye chini kabisa, anafika Sh5 milioni. Mashamba mengi ya milima ya Mbooni, yaliyogawanywa na kugawanywa tena, yanatoshea humo bila shida. Lugha nayo si kisingizio, kwa sababu katika korti hizo Kiswahili kinakubalika sawa na Kiingereza, na asiyejua vyote katika kesi ya jinai ana haki ya mkalimani bila kulipa.

Ongeza Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani Aprili 2021 kisha ikafunguliwa katika miji mingine, Machakos ikiwemo. Dai lisizidi Sh1 milioni, na kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60. Mfikirie mkulima wetu wa maembe. Broka wa Nairobi anajaza lori, anaahidi kutuma pesa jioni, halafu anabadilisha laini. Hilo ni dai la moja kwa moja la mauzo ya bidhaa, na kama una jumbe za simu una ushahidi. Pale ambapo mahakama hiyo haijafika, hakimu wa kawaida anasikiza dai lile lile, ila bila ile saa ya siku 60.

Korti imeingia kwa simu, na karani mpya ni saiba

Hapa ndipo naomba unisikilize vizuri zaidi.

Mfumo wa kuwasilisha kesi mtandaoni ulianza Nairobi Julai 2020. Machi 2024, Jaji Mkuu Martha Koome akauzindua kwa nchi nzima. Kwa wakili kijana ni baraka kubwa. Unaweza kukaa Mbumbuni na laputopu na bando, ukawasilisha kesi Wote asubuhi, ukalipa kwa simu, na mchana ukasikizwa kwa video bila kupanda gari. Gharama ya ofisi kubwa mjini, ambayo ndiyo iliwafungia vijana mlango miaka yote, imepungua.

Lakini kwa susu yangu wa miaka sabini na kitu? Sasa anahitaji akaunti, baruapepe, nenosiri, na karatasi zilizoskeniwa. Hana hata kimoja. Kwa hivyo anaenda saiba. Kijana wa saiba anamfungulia akaunti kwa baruapepe ya saiba, anahifadhi nenosiri, anamjazia fomu, anamtoza. Notisi ya korti ikija, inaingia kwa baruapepe ya saiba. Kijana akihama, kesi imehama naye.

Teknolojia iliondoa foleni ya masjala, sawa. Ila haikumwondoa mtu wa katikati. Ilimbadilisha tu, na huyu mpya hana kiapo, hana leseni, wala hakuna pa kumshtaki kama LSK inavyoshtakiwa wakili. Najua kwa sababu nilikuwa yeye kwa jioni moja, na jioni moja ilitosha kufuta watoto watatu.

Turudi kwa pesa

"Huko nitakula nini?" Jibu la kweli ni kwamba hutatajirika mwaka wa kwanza. Pia kuna mtego: sheria ina kiwango cha chini cha ada za mawakili, na inakataza kutoza chini yake ili kuvuta wateja. Kiwango hicho kinamlinda wakili asiuze jasho lake bure. Wakati huo huo kinamwacha mzee mwenye ekari mbili akichagua kati ya ada asiyoiweza na mimi.

Ila kusaidia mtu bure kabisa hakukatazwi. Na tangu 2016 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria walioidhinishwa. Hawa si mawakili. Ni watu waliofunzwa kumweleza mwananchi haki yake na kumwelekeza kwa wakili mapema. Kama kila lokesheni ingekuwa na mmoja anayejulikana, mabroka wengi wangetafuta kazi nyingine.

Kwa wakili kijana, hesabu yangu ni hii. Jikusanyeni watatu au wanne, mkodishe chumba kimoja Tawa au Mbumbuni, mje kwa zamu. Kesi za mirathi ni nyingi na zina ratiba inayojulikana: tangazo gazetini, siku 30 za pingamizi, na kwa kawaida miezi sita kabla ya kuidhinishwa kwa ugavi. Halafu kuna mikataba ya wenye maduka, saccos za boda, vyama vya wakulima wa maembe na ndengu. Msitumie mabroka kuwaletea wateja, maana sheria inakataza kugawana ada na asiye wakili, na pia mtakuwa mmelisha ugonjwa ule ule.

Kwa serikali na Mahakama, jambo ni moja. Mkileta mfumo wa mtandaoni, leteni na mtu. Meza moja pale Tawa, karani mmoja wa kumsaidia mzee kufungua akaunti yake mwenyewe kwa laini yake mwenyewe.

Na wewe msomaji?

Ukipata mtu anayekuambia ni wakili, angalia jina lake kwenye orodha ya LSK mtandaoni kabla ya kutoa hata senti. Inachukua dakika mbili. Omba risiti. Usiuze wala kununua kipande cha shamba la marehemu kabla ya korti kumtambua msimamizi, maana kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinaiita hiyo kuingilia mali ya marehemu, na ni kosa la jinai. Na kwenye orodha ya warithi, andika kila mtoto. Kila mtoto.

Mimi nilimrudishia mzee elfu mbili yake. Akaipokea kimya. Nikampigia yule rafiki yangu wa joho, nikamweleza yote bila kujipamba. Alinigombeza dakika ishirini, kisha akasema angeisoma faili. Sasa yumo kwenye kesi, na Jumamosi moja alikuja hadi Mbumbuni, akawaketisha ndugu wote saba chini ya mwembe kabla ya tarehe ya korti. Hawakupatana. Lakini walikaa upande mmoja, na hilo lilikuwa limekosekana kwa mwaka mzima.

Alipokuwa akiondoka, mtu wa boda akamwita "madam", mimi akaniita wakili. Nikamwambia wakili ni yule anayepanda gari. Mimi ni mwandishi tu.

Akacheka, akadhani natania.