Takwimu za dhahabu zisifungiwe makabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wataliona ni la wataalamu tu, lakini linawagusa wananchi wote wa Shinyanga na Geita. Jambo lenyewe ni takwimu za uchumi, hasa za madini, jinsi zinavyokusanywa na ofisi mbalimbali, kila moja kwa mtindo wake, kisha zikashindwa kusomwa pamoja.

Mimi ni mtafiti. Kazi yangu ni kuchukua hesabu za ofisi moja na kuziunganisha na za ofisi nyingine ili tujue, kwa mfano, dhahabu iliyotoka katika wilaya fulani imeacha nini katika wilaya hiyo. Ukiielezea hivi kazi inaonekana nyepesi. Sivyo.

Chukua sensa. Mwaka 2002 Mkoa wa Shinyanga ulikuwa na watu karibu milioni 2.8. Sensa ya mwaka 2012 ikaonyesha Shinyanga ina watu 1,534,808. Mgeni akisoma takwimu hizo mbili bila maelezo atadhani tulipatwa na tauni. Ukweli ni kwamba mwaka huo wa 2012 mkoa uligawanywa. Bariadi, Maswa na Meatu zilikwenda Simiyu, na Bukombe pamoja na Mbogwe zikaingia katika mkoa mpya wa Geita. Geita yenyewe iliundwa kwa vipande vya mikoa mitatu, maana Chato ilitoka Kagera, na Geita na Nyang'hwale zilitoka Mwanza. Kwa hiyo mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kuzalisha mwaka 2000, kwa miaka zaidi ya kumi umeandikwa katika vitabu chini ya Mwanza, kisha ghafla ukahamia Geita bila kusogea hata hatua moja.

Nakiri kwamba mtego huu ulininasa mimi mwenyewe. Nilichukua pato la Shinyanga ya zamani, ile kubwa, nikaligawa kwa idadi ya watu wa Shinyanga mpya. Jibu likatoka kwamba kila mwananchi wa Shinyanga ametajirika karibu mara mbili kwa mwaka mmoja! Nilikuwa tayari nimeanza kuandika sababu za utajiri huo. Bahati nzuri nilikuwa nimempelekea mwenzangu wa Mwanza jedwali zima pamoja na hatua zote za hesabu yangu. Akanipigia simu jioni ile ile akiniuliza, "Kaka, hao watu wa Bariadi umewatupa wapi?" Kama ningalimpelekea jibu peke yake na kuificha hesabu, asingaliliona kosa hilo, na pengine leo lingekuwa katika taarifa ya kiongozi fulani.

Hiyo ndiyo maana ya sayansi iliyo wazi. Si anasa ya Ulaya. UNESCO ilipitisha pendekezo lake kuhusu jambo hili Novemba 2021, lakini mwenye duka yeyote wa Kahama anayemruhusu mshirika wake kulikagua daftari analijua tangu zamani.

Matatizo mengine ni ya vipimo. Makampuni makubwa huandika dhahabu kwa wakia, na wachimbaji wadogo hupima kwa gramu. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, lakini wakia ya kawaida ni gramu 28.35, na mtu akichanganya hizo mbili anakuwa amepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya dhahabu yote kwenye karatasi, pasipo mwizi. Tena makampuni mengi hufunga mahesabu yao Desemba, na Serikali hufunga Juni. Taarifa za TEITI, zinazolinganisha fedha ambazo makampuni yanasema yamelipa na zile ambazo Serikali inasema imepokea, zimetusaidia sana kwa hili, na sheria ya mwaka 2015 imezipa nguvu. Lakini mwananchi wa kata ya Bulyanhulu haulizi malipo ya taifa zima. Anauliza ushuru wa huduma ulioingia katika halmashauri yake, na uliishia wapi.

Tena kuna swali la wachimbaji wadogo. Kabla ya mwaka 2019 sehemu kubwa ya dhahabu yao ilipita vichochoroni bila kuandikwa popote. Mwaka huo walifutiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwezi Machi soko la madini likafunguliwa Geita. Jambo hilo lilikuwa zuri. Lakini mtafiti anayetazama takwimu akiona dhahabu ya wachimbaji wadogo imepanda, asikimbilie kusema kwamba wamechimba zaidi. Huenda ni ile ile ya zamani, ila sasa inapita kwenye mzani unaoonekana. Ili kujua tofauti lazima tuunganishe hesabu za soko na hesabu za leseni, za makarasha na za mialo, na hizo ziko katika ofisi tofauti.

Naomba nieleze yaliyonikuta. Katika ofisi moja nilikwenda mara tatu kuomba jedwali la miaka mitano. Mara ya kwanza niliambiwa nilete barua, na barua nilikuwa nayo. Mara ya pili mwenye ufunguo wa kabati alikuwa safarini. Mara ya tatu nikapewa picha za karatasi zilizopigwa kombo, tarakimu nyingine zimekatwa pembeni, nikakaa wiki mbili nikizinakili kwa mkono. Simlaumu karani. Yeye naye haambiwi ni kipi aruhusiwe kutoa, na anakumbuka kwamba mwaka 2018 sheria ya takwimu ilibadilishwa hata watu wakaogopa kutaja namba hadharani. Mabadiliko hayo yalirekebishwa mwaka 2019, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu mwaka 2016, lakini hofu haifutwi na tangazo la Serikali.

Na sisi watafiti tusijifanye malaika. Katika mwalo mmoja mkoani Geita mama mmoja mtu mzima aliniuliza, "Mwanangu, wewe ni wa ngapi? Wenzako wamekuja na karatasi hizo hizo, wakaandika, wakaenda. Hatujaona hata ukurasa mmoja." Sikuwa na jibu. Wengi wetu tukimaliza huandika kwa Kiingereza katika majarida ambayo kuyasoma ni kwa fedha, na takwimu zenyewe hubaki katika kompyuta ya mtu mmoja hadi iharibike.

Wapo watakaosema kwamba kuweka takwimu wazi ni kuwaanika wachimbaji kwa majambazi. Hofu hiyo ni ya haki. Jina la mtu, duara lake na gramu alizouza jana si mali ya umma, na sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 inakataza mambo kama hayo. Lakini inawezekana kutoa bila kuanika. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekuwa ikiwapa watafiti bure takwimu za kaya, huku majina yameondolewa na mahali pa vijiji pamesogezwa kidogo kwenye ramani ili nyumba isitambulike.

Kwa hiyo naomba wahusika wafikirie mambo haya. Kitolewe kitabu kimoja kinachoonyesha kila kata ilikuwa katika wilaya na mkoa gani tangu sensa ya 1967 hadi ile ya 2022, na ofisi zote zitumie namba moja kwa kila kata. Majedwali ya halmashauri yatolewe katika hali ambayo kompyuta inaweza kuyasoma. Na COSTECH, inapotoa kibali cha utafiti, imtake mtafiti arudishe muhtasari wa Kiswahili katika ofisi ya kata alikofanyia kazi. Wa kwangu nimekwisha kuupeleka mwaloni, kurasa nne, ingawa umechelewa miaka miwili.

Mtafiti,
Shinyanga.