Kabla ya Kunywa Maji ya Kisima, Uliza Umri Wake

Msomaji, ukinunua mtungi wa maji pale Kawangware 56, bila shaka huuliza bei. Pengine huuliza pia kama yana chumvi. Lakini ni nani kati yetu huuliza mvua iliyoyaleta ilinyesha lini?

Swali hilo si mzaha. Maji ya kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo huenda ni mvua ya juzi tu, na njia iliyoyapitisha upesi yaweza kupitisha viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Maji ya kisima kirefu nayo yaweza kuwa mvua ya maelfu ya miaka iliyopita.

Wataalamu hujuaje? Mvua ipenyapo udongoni hubeba kaboni, na ndani yake kiasi kidogo sana cha kaboni 14 itokayo hewani. Maji yakishafunikwa na miamba, kaboni 14 hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Willard Libby, aliyebuni kipimo hiki huko Chicago, alituzwa Nobel mwaka 1960. Umri wa maji ya visima mbalimbali ukilinganishwa, hujulikana yanakotoka na kasi yake. Ila hadhari huhitajika, kwani kaboni ya kale itokayo kwenye mawe au ardhi ya volkeno yaweza kuyazeesha maji kwa hesabu tu.

Maji yaliyo chini ya Nairobi hutoka hasa nyanda za magharibi, pande za Ngong na Kikuyu, yakielekea mashariki. Kina chake kimeshuka katika visima vingi. Visima vingi pia vina floraidi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi hiyo huharibu meno ya watoto, na ikizidi sana hudhuru mifupa.

Kwa maoni yangu, kibali cha kuchimba kisima jijini kisitolewe kabla umri wa maji ya hapo haujapimwa. Maji mapya yatuonye kuhusu vyoo. Ya kale yatuonye kwamba tunakula akiba isiyorudi upesi. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakusema haiishi.

Nawe msomaji, chemsha maji ya kisima kifupi. Kwa kisima kirefu, mwombe mwenyewe akuonyeshe matokeo ya maabara, kwa sababu kuchemsha huua viini lakini hakuondoi floraidi.